Muhuri Mguuni mwa Mtani

Vuta uzi mmoja, kijiji kizima kibaki uchi. Ni nini hicho?

Somoe Namkambe alikitega kitendawili hicho kimoyomoyo kila asubuhi kabla hajaiwasha mashine, kama mtu anayepiga bismillahi. Bibi yake mzaa mama, aliyemlea kwa uji wa mtama na vitendawili, angejibu upesi: shuka la kufuma. Jibu la Somoe lilikuwa limening'inia mbele ya macho yake, katikati ya chumba kisicho na dirisha. Jina lake Utando.

Ulikuwa mwanga mtupu, nyuzi nyembamba zilizotandazwa hewani toka ukuta hadi ukuta. Kila nyuzi zilipokutana palikuwa na punje, na kila punje ilikuwa mtu. Nani anampigia nani simu, nani kamuoza nani, nani anamuuzia nani betri za jua, nani akimwona nani hubadili njia. Yote Utando uliyasikiliza ukayafuma. Upande wa kushoto punje zilikuwa za njano, vijiji vya Likongo. Upande wa kulia, ng'ambo ya mto Lukwita, zilikuwa nyekundu. Hao ndio wenye bunduki. Walikuwa wamejipa jina refu la kujitukuza, lakini hakuna mtu wa Likongo aliyelitia mdomoni. Waliitwa wa msituni, basi.

Kwa miaka mingi serikali ilikuwa ikiwapiga kichwani. Akiuawa mkubwa wao, mvua moja haipiti, wanachipuka wakubwa wawili, na kila mmoja anataka kuonyesha kuwa yeye ndiye mkali kuliko mwenzake. Ndipo Kitengo cha Mafungamano kilipoundwa, na Somoe akaitwa kuwafundisha wakubwa jambo analolijua mpishi yeyote. Siku ya kwanza aliwachorea chungu.

"Chungu kinachemka, ninyi mnapiga povu," aliwaambia. "Povu linarudi. Chini kuna kuni, ndani kuna maji, juu kuna kifuniko, na kila kimoja kinamwamrisha mwenzake. Acheni kuuliza povu limetoka wapi. Ulizeni chungu kimekaaje."

Walicheka, wakampa mashine.

Na mashine ilifanya kazi yake. Haikutafuta mkubwa wala mwenye silaha nyingi. Ilitafuta fundo: ile punje moja ambayo ikiondolewa, nyuzi zote nyekundu zinalegea. Fundo likipatikana, halikuuawa. Lilihamishwa. Mtu alichukuliwa akapelekwa mbali, kwenye nyumba safi yenye ua na chakula cha kutosha, asisikike wala asisikie, mpaka mambo yatulie. Wa kwanza alikuwa fundi wa betri. Wa pili mama mmoja muuza tumbaku. Mambo hayakuwa yametulia bado, kwa hiyo hakuna aliyerudi.

Asubuhi hiyo fundo jipya lilikuwa limewaka jeupe, na lilikuwa limekaa mahali pa ajabu. Si kushoto, si kulia. Lilikuwa juu ya mto wenyewe.

Somoe alilibana kwa vidole viwili akalitoa, kwa kujaribu tu. Upande mwekundu wote ukaporomoka kama wavu uliokatwa kamba ya juu. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Alilirudisha, akaligusa lijitaje, na jina lilipotokea mkono wake ulibaki hewani.

"Unamfahamu?" aliuliza mtu nyuma yake. Alikuwa mkurugenzi wa Kitengo, Rwegoshora, mtu wa kwao ziwani, mpole, mwenye sauti ya kuongozea sala.

"Chilumba," Somoe alisema. "Ni mtani wetu, Mkurugenzi. Ukoo wao na ukoo wetu."

"Mtani wa kutaniana tu?"

"Wa kutaniana. Na wa kuzikana."

Rwegoshora aliutazama ule mwanga mweupe kwa muda. Dereva wake, aliyekuwa akimwita mwanangu, alikuwa mmoja wa waliochomwa ndani ya soko la Kiwengu, siku wa msituni walipofunga milango kwa nje. Tangu siku ile mzee huyo hakupandisha tena sauti, na watu wa Kitengo walimwogopa zaidi.

"Huyu ndiye anayewazika wao kwa wao kule ndani," alisema taratibu. "Sasa naelewa. Kijana anajua akifa ataoshwa, atavikwa sanda, atasomewa. Kwa hiyo anabaki. Ondoa mtu wa kuzika, kila mmoja atajiona anaozea juani. Watatawanyika wenyewe, na hatutapiga hata risasi. Bi Somoe, si hicho ulichotufundisha?"

Ndicho hasa alichowafundisha.

Simu yake ikalia. Alikuwa mama yake mdogo, Asumini, kutoka kijijini Mnyangala, na kabla hajasema neno Somoe alijua kwa jinsi alivyovuta pumzi. Mjomba alikuwa amefariki alfajiri. Alikuwa na miaka yake, alikuwa na pumu yake, hapakuwa na mkono wa mtu.

"Pole sana," alisema Rwegoshora, na alimaanisha. "Nenda kazike. Huko utamwona huyo Chilumba kwa macho. Kibali cha kumhamisha kinasubiri kidole chako tu." Aliugusa muhuri mkononi mwa Somoe, bangili ya kijivu isiyo na nakshi. "Na huu usiuvue. Ni kwa usalama wako."

Muhuri ulikuwa na kazi tatu. Ulifungua Utando. Ulitia sahihi amri za Kitengo, na bila sahihi hiyo hakuna aliyehamishwa wala nyuki mmoja aliyeruhusiwa kutumia silaha. Nyuki ndivyo watu walivyoziita zile ndege ndogo zisizo na rubani, kwa sababu ya mvumo wake. Kazi ya tatu ilikuwa kuwaambia wenzake alipo, popote alipo. Ulifunguka kwa dole gumba la Somoe peke yake. Hakuna mwizi angeuvua, hakuna adui angeuvua. Walikuwa wamewafikiria watu wote hao.

*

Kilio alikisikia tangu kwenye mikorosho, kile kirefu cha wanawake, na juu yake sauti ya marehemu mjomba ikifoka.

"Nani kamwaga maji hapa? Mnadhani maji yanaota? Asumini! Asumini we! Kofia yangu iko wapi?"

Mwili wa Somoe ulisisimka. Halafu akamwona. Chilumba alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, ameinama vile vile, ameshika kiuno vile vile, akikohoa kile kikohozi cha pumu mpaka mjane, aliyekuwa amelala kifudifudi mkekani, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Alikuwa mzee mrefu mkavu, meno ya mbele hana, miguu kama mipini ya majembe.

"Huyooo," alisema alipomwona Somoe. "Mke wangu wa mjini. Nilimtolea mahari ya konokono, akanikimbia."

"Konokono mwenyewe ulimla njiani," Somoe alijibu. Kinywa kilikuwa kimejibu chenyewe. "Nikaletewa gamba."

"Gamba lilikuwa zuri kuliko uso wako. Mchele umeleta?"

"Nimeleta. Lakini si wa fisi."

"Basi marehemu hatazikwa. Ataoza, mtahama kijiji."

Watu waliangua kicheko, na kilio kikapungua kidogo, kama chungu kinavyopumua kifuniko kikichezacheza. Somoe alilifikiria hilo, na hakupenda kulifikiria.

Makaburini Chilumba alifanya kama watani wanavyofanya. Alikuwa amemwosha marehemu kwa mikono yake, kwa adabu, bila utani wowote. Lakini kaburi lilipokwisha kuchimbwa, aliruka akalala ndani yake, akakunja mikono kifuani.

"Pana baridi nzuri," alisema kutoka chini. "Watu wa Namkambe watafute kwao."

Wakampa jogoo. Akasema jogoo ana macho ya mdeni. Wakampa ugoro, akaunusa, akapiga chafya, akalala tena. Jua lilikuwa linachoma na shehe alikuwa anasubiri. Ndipo Chilumba alipoinua kidole akauelekeza mkono wa Somoe.

"Na kile kibangili. Mke wangu anavaa vyuma, mimi mumewe natembea mtupu."

Wenye akili za Kitengo wangeuliza: alifikiri nini? Hakufikiri. Mtani akishika kitu chako msibani, ni chake mpaka ukigomboe. Anayekataa anaaibisha maiti. Somoe alikuwa ameliona hilo tangu akiwa mgongoni mwa bibi yake. Dole gumba lilibonyeza, muhuri ukaachia, mkono ukanyooka, na watu wakapiga vigelegele. Chilumba akauvaa kifundoni mwa mguu, akatoka kaburini akichechemea kama bibi harusi mwenye njuga.

Mjomba akazikwa vizuri.

*

Baada ya mazishi wali uligawiwa chini ya turubai. Somoe alijikuta ameketi karibu na Chilumba, ambaye alikuwa akila kwa haraka, sahani ya pili.

"Mume wangu, mbona unakula kama mtu mwenye safari?"

"Ninayo. Mtoto wa Bi Achikuta amefariki ng'ambo, jana jioni, homa. Mama yake anasubiri kivukoni na sanda. Nikimaliza mwiko huu naondoka."

Somoe alishusha sauti. "Na chumvi unawapelekea?"

Chilumba alimtazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa wake mwenyewe, si wa marehemu wala wa mchekeshaji.

"Chumvi napeleka. Na vidonge vya homa. Usinitazame hivyo, wa Kiwengu niliwazika mimi. Wengine niliwakusanya kwa ungo."

"Ukiacha kwenda, wataendelea kukaa kule?"

"Hawatakaa. Mwezi hauishi." Alilamba kidole. "Mtu hababaiki na kufa, mke wangu. Anababaika na kuoza juani kama mzoga wa mbwa."

Basi mashine haikukosea. Somoe alikuwa ametamani sana ikosee.

"Watatawanyika," Chilumba aliendelea, "waende wapi? Hilo mjini mmelifikiri? Yule anayegawa wali umemwona?"

Somoe aligeuka. Mwanamume mmoja mwenye kovu shavuni alikuwa akipita na ndoo, akiwahudumia wazee kwa kuinama.

"Alikuwa mwenye bunduki kubwa. Yule fundi baiskeli pale kwenye kona, naye. Binti wa Mzee Likanga, naye. Mimi nikivuka na sanda, kina mama wananifuata. Kule kaburini mama anamshika mwanawe mkono, mbele ya macho ya mkubwa wao. Na mimi wakati huo namtukana yule mkubwa. Namwambia ana kichwa kama boga la mwaka jana. Anajizuia, anajizuia, halafu anacheka. Mtu anayecheka hapigi risasi, mkono haumtii. Tunarudi wengi kuliko tulioingia." Alisimama, akapangusa mikono kwenye koti la marehemu. "Kila mara wengi kuliko tulioingia. Haya, mimi naenda. Ukitaka chuma chako ulete kuku. Jike. Jogoo wa kwenu mkorofi."

Akapanda baiskeli. Muhuri uliwaka kidogo mguuni kwake kila alipokanyaga, mpaka akapotea kwenye mikorosho.

Somoe alibaki na tonge mkononi. Alikuwa akimtazama yule mwenye kovu, akijaribu kukumbuka punje yake kwenye Utando. Hakuwa na punje. Hawezi kuwa nayo. Mtu akitoka msituni, mashine ilimfuta, ili picha ibaki safi ionyeshe waliopo tu. Kwa hiyo Utando ulikuwa umehesabu kila aliyebaki kwa ajili ya Chilumba, na haukumhesabu hata mmoja aliyetoka nyuma yake. Kanuni ya kufuta aliiandika nani? Aliiandika yeye, alasiri moja, akinywa chai, akaona amefanya kitu nadhifu.

*

"Dada Somoe, simu yako. Wamepiga kwangu."

Alikuwa Mwasiti, binti wa Mama mdogo Asumini, akija kwa mikongojo yake. Mguu wa kushoto aliuacha Kiwengu. Somoe aliipokea akikumbuka ile kazi ya tatu ya muhuri.

"Bi Somoe." Sauti ya Rwegoshora ilikuwa karibu iwe na furaha. "Sikutegemea. Nilikuomba ukamwone tu, wewe umemvika muhuri. Unaelekea mtoni hivi sasa. Nyuki wako juu, mbali, hatawasikia. Atatufikisha mpaka ndani, kwenye kaburi, wakiwa wamekusanyika wote. Hatuhitaji hata kumhamisha."

"Mkurugenzi, sikumvika. Aliuchukua. Ni mila, ni—"

"Vyovyote. Sahihi uliyotia Jumatatu, nyuki wakulinde kwa silaha, bado ipo. Inafuata muhuri ulipo."

"Watakuwapo kina mama pale. Watakuwapo vijana wanaotaka kutoka. Mashine ina kosa, nimeliona leo, tumefuta waliotoka. Nipe muda niirudie hesabu."

Rwegoshora akasema, bila ukali wowote, "Kiwengu nako walikuwapo kina mama. Hesabu tutairudia kesho, wewe na mimi. Leo nina mlango uliofunguka, na sijui kama utafunguka tena."

Simu ikakatika.

Mwasiti alikuwa amesikia. Alijishusha taratibu kwenye kinu kilichopinduliwa, akanyoosha mguu mmoja.

"Waache," alisema.

"Mwasiti."

"Waache wafe, dada. Wewe hukuwapo. Mimi nililala chini ya watu." Alikuwa akiongea na vidole vyake. "Mzee Chilumba anawachekesha. Mimi siku ile sikumwona mtu anacheka."

Somoe aliketi chini kando yake, mavumbini, na gauni lake la msiba. Kila alichokitafuta cha kumwambia kilikuwa neno la Kitengo, na maneno ya Kitengo yalikuwa yanafikiri watu ni punje. Akasikia kuku wakichakura nyuma ya jiko. Akafikiri: nikikaa hapa hapa, sifanyi chochote, nimwache mzee aendeshe baiskeli yake, jioni msitu utakuwa kimya. Labda kimya cha miaka. Na hakuna atakayenilaumu, kwa sababu sikufanya kitu.

"Bi Achikuta ndiye aliyenifunga mguu," Mwasiti alisema ghafla. "Pale sokoni. Alichana kanga yake. Mwanawe alikuwa upande ule wa nje wa mlango, na yeye alijua." Alijifuta uso kwa kiwiko kama aliyekasirika. "Yupo kivukoni na sanda, siyo?"

"Yupo."

"Chukua yule tetea mweupe. Kona ya banda. Ni wangu, usimwulize mama."

*

Njia ya kwenda kivukoni ilishuka kwenye mchanga, na Somoe alikimbia huku amembana tetea kwapani, viatu mkononi. Mara mbili aliinua macho. Anga lilikuwa tupu, la buluu ya kuumiza, lakini masikio yalianza kumdanganya, au hayakumdanganya: mvumo mwembamba sana, kama nyuki aliyenaswa ndani ya chupa katika chumba cha pili.

Aliwakuta ukingoni. Bi Achikuta, mwanamke mfupi mweusi sana, alikuwa amepakata sanda iliyokunjwa kama anayepakata mtoto. Wanawake wengine walikuwa wamefunga vibwebwe tayari kuvuka, maji ya Lukwita yakiwa magotini tu msimu huo. Chilumba alikuwa amebeba baiskeli begani, mguu mmoja majini.

"Fisi wewe!" Somoe aliita, pumzi zikimkatika. "Kuku wako huyu. Nipe changu."

Chilumba aligeuka. "Mapema hivi? Sijalala nacho hata siku moja."

"Lete mguu nikivue. Tafadhali."

Neno tafadhali halina kazi kati ya watani. Mzee aliweka baiskeli chini. Somoe akamsogelea karibu akamweleza, kwa maneno machache, bila kuficha: chuma kinaonyesha kilipo, na kilipo ndipo watakapopiga. Wanawake walisikia. Mmoja aliangalia juu akajifunika kichwa kwa mikono, kana kwamba viganja ni paa.

"Basi kitupe majini," Chilumba alisema.

"Kikikaa majini watakuja majini. Kijiji kiko hapo nyuma. Popote nitakapokiacha, hapo wataangalia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ninyi vukeni. Mimi nitakaa nacho hapa peupe, wanione."

Bi Achikuta akasema, "Mwanangu ana siku nzima hajazikwa," na akaingia majini, na wenzake wakamfuata.

Chilumba aliinua mguu wake mkavu akauweka juu ya goti la Somoe kama mfalme anayevuliwa kiatu. Dole gumba likabonyeza, muhuri ukaachia. Chilumba akamchukua tetea, akampima uzito, akamkunjia uso.

"Mwepesi. Mwepesi kama aliyemleta." Halafu, kwa sauti nyingine, ya chini: "Kitendawili."

"Tega."

"Wawili wanatukanana kutwa. Mmoja akifa, mwenzake ndiye humzika."

Somoe alitikisa kichwa.

"Haya, unipe mji," Chilumba alisema.

"Nimekupa Mnyangala."

"Nakataa, kijiji cha wachoyo." Akabeba baiskeli, na tetea juu ya usukani, akavuka. Hakulitoa jibu. Alipofika katikati ya mto alipiga kelele bila kugeuka: "Na usife leo. Leo nina maiti tayari, mimi si punda."

Somoe akaketi juu ya jiwe jeupe katikati ya mchanga, mahali pasipo na kivuli hata cha kunguru. Aliuvaa muhuri. Aliufungua Utando mdogo, ukasimama juu ya kiganja chake kama ua. Mvumo sasa ulikuwa hakika. Haukuwa masikioni tena. Ulikuwa mifupani.

Aliitafuta ile kanuni ya kufuta, akaiondoa.

Punje zikaanza kurudi. Mwenye kovu. Fundi baiskeli. Binti wa Mzee Likanga. Mmoja mmoja, mpaka upande wa njano ukajaa watu ambao mashine ilikuwa imewasahau, na kila mmoja uzi wake ulipita juu ya mto, kwa Chilumba. Halafu Somoe akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mpaka wa picha, ambao siku zote aliuchora kwenye ukingo wa vijiji na msitu, aliusogeza ukameza na Kitengo chenyewe: chumba kisicho na dirisha, nyuki, zile nyumba safi zenye ua.

Utando ulitetemeka, ukajifuma upya. Alimwona fundi wa betri peke yake kwenye ua wake, na wanawe wawili, waliokuwa wa njano, wakivuka mto wakawa wekundu. Alimwona muuza tumbaku, na nduguze wakivuka. Kila aliyehamishwa alikuwa ameacha watu nyuma, na watu hao walikuwa wameikusanya hasira yao wakaenda nayo kulikokuwa na bunduki. Nyuzi zote hizo za kuvuka zilitokea mahali pamoja. Zilitokea kwenye kidole kimoja.

Mwanga mweupe uliondoka mtoni, ukatambaa, ukasimama. Mashine ikauliza kwa adabu yake ya siku zote: fundo limepatikana, lihamishwe? Na chini yake, jina. Somoe Namkambe.

Alicheka kidogo, kwa pua. Angejua bibi yake.

Sauti ya Rwegoshora ilitoka kwenye muhuri. "Bi Somoe? Mbona muhuri umesimama? Wewe uko wapi? Nyuki wanamwona mtu mmoja tu."

"Ni mimi, Mkurugenzi."

"Ondoka hapo. Muhuri uko mkononi mwa nani?"

"Fundo limejitokeza. Angalia mwenyewe. Safari hii nimefuata mashine."

Alisikia mzee huyo akivuta kiti, akisoma. Alisikia pumzi yake ikibadilika. Wote wawili walijua kanuni, kwa kuwa waliiandika pamoja: mtu akishatiwa sahihi kuwa fundo, muhuri wake unakufa papo hapo, na kila sahihi iliyotoka kwake inakufa nao. Nyuki watabaki macho tu, hawatakuwa na mwiba, mpaka mwingine afundishwe, apimwe, avikwe muhuri mpya. Si leo. Si kesho pia. Na aliye fundo atafuatwa alipo, apelekwe kwenye nyumba safi, asisikike wala asisikie.

"Usifanye hivyo," Rwegoshora alisema. "Nitabaki na nani wa kuirudia hesabu?"

"Nimekuachia hapo, imekwisha kurudiwa. Itazame kabla hujaifunga."

"Somoe." Hakuwahi kumwita hivyo, bila Bi. "Na kama wakitoka leo wakachoma soko jingine?"

Hilo ndilo swali. Alikuwa nalo tangu kwenye kinu cha Mwasiti, na alikimbia nalo mchangani. Alijua tu kwamba atalala nalo katika nyumba ile kila usiku, na hatakuwa na mtu wa kumuuliza kama walichoma.

Aliweka dole gumba juu ya jina lake.

Vivuli vya nyuki vilikuwa vimefika, vitatu, vinne, vikizunguka juu ya mchanga kumzunguka yeye. Alibonyeza, muhuri ukawa baridi, ua la mwanga likanyauka kiganjani. Hakujua kama nyuki walikuwa bado na mwiba. Alijilazimisha kubaki ameketi wima, mikono magotini, wamwone vizuri.

Mvumo uliendelea. Maji yalipita. Upande wa pili msitu ulikuwa umesimama kama ukuta na hapakuwa na sauti yoyote ndani yake, na kimya kile kilirefuka mpaka akaanza kufikiri kwamba ameshindwa.

Ndipo, kutoka mbali kule ndani, mahali ambapo watu walipaswa kuwa wanalia, akasikia kicheko. Kwanza cha mtu mmoja, kizito, cha mtu aliyejizuia sana. Halafu cha wengi.